Ndege wa Hariri na Ndege wa Katuma

Je, yampasa mchoraji kumwona ndege kabla ya kumchora? Huko Japani swali hili lilimpata mtu wa kulibeba. Itō Jakuchū, mwana wa mfanyabiashara wa mboga wa Kyoto, aliliacha duka la ukoo akashika brashi. Alifuga kuku uani kwake, akawatazama muda mrefu kabla ya kuwachora. Katika karne ya 18 akatoa picha 30 za ndege, maua, samaki na wadudu juu ya hariri, akaziweka wakfu katika hekalu la Shōkoku-ji. Hariri haina huruma: wino ukishazama hauondoki. Mahali pengine alipaka rangi nyuma ya kitambaa, ili weupe wa manyoya uchungulie kutoka ndani, mithili ya taa nyuma ya pazia.

Mtu huyo huyo alimchora chui-milia asiyepata kumwona, kwani Japani haikuwa na mnyama huyo. Akaiga picha ya Kichina, na juu ya kazi yake akaandika kwamba ameiga. Kukiri huko kwashangaza kuliko chui mwenyewe.

Kwetu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi kifo chake mwaka 1972, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Waliomfuata wameujaza ulimwengu ndege wa shingo ndefu na maua yasiyonyauka. Aghalabu mchoraji wa namna hii aweza kuishi mjini umri wake wote asifike Mpanda, na korongo wake akanunuliwa. Asilaumiwe upesi. Washairi wa pwani nao wamemwimba tausi pasipo kumfuga, na hakuna aliyewadai ushahidi.

Ila korongo wa Katavi yuko, na ana mahali pake. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974, na uhai wake umefungamana na Mto Katuma na maziwa ya Katavi na Chada. Masika mbuga hufurika, mwari na korongo wakajaa. Kiangazi viboko hubanana katika madimbwi ya mwisho, ngozi kwa ngozi. Huko juu, mashamba ya mpunga yameyachepusha maji ya mto, ukapungua. Mkulima naye ana hoja: mtoto hali picha.

Husemwa kwamba sanaa huhifadhi. Lakini kuhifadhi umbo la ndege ambaye mto wake umekauka ni kutunza stakabadhi ya mali iliyokwisha kuuzwa. Kando ya Ziwa Katavi kuna mkwaju unaosemwa kuwa maskani ya mzimu wa mwindaji Katabi. Watu hufika hapo wakaacha sadaka, ndipo wakaomba. Hawachukui bure. Picha huchukua umbo, ikauza umbo, na pale ilipolitoa haiachi kitu. Basi pengine deni la mchoraji silo la kutazama tu. Jakuchū aliacha angalau neno lake la kukiri, nalo ni sadaka ya aina yake; na kwa mchoraji wa Dar es Salaam, nyuma ya hadibodi pana nafasi ya kutosha kuandika jina la mto.