"Sawa, dokta"

Arusha neno "sawa" lina kazi nyingi. Laweza kuwa nimekubali, nimekusikia, au basi tu, yaishe nipumzike. Chukua mfano wa bibi wa Kimeru kutoka vijiji vya juu mlimani, ambaye Kiswahili chake ni cha kuuzia ndizi sokoni. Daktari anamweleza habari za upasuaji, naye anajibu, "Sawa, dokta." Dole gumba linachovywa wino, fomu imekamilika. Ameridhia kweli?

Wa kwanza kulijua jibu huwa ni muuguzi. Yeye ndiye aliyebaki wodini daktari alipoondoka, ndiye anayeulizwa kwa sauti ya chini, kwa Kimeru: mwanangu, hawa wanataka kunifanya nini?

Shida ni kwamba muuguzi ana huruma. Anamwona bibi anatetemeka, anamwambia, "Watatoa kauvimbe tu, bibi," kumbe kinachotolewa ni kizazi chote. Amemtuliza, ila amemnyang'anya uamuzi. Kwangu mimi huo ni wizi, hata kama upasuaji wenyewe ulikuwa wa lazima. Mwili ni wa bibi, na maswali ya kule nyumbani atayajibu yeye.

Tena si mambo ya kufikirika. Mwaka 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimpa haki mwanamke anayeishi na VVU, aliyefungwa kizazi wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Mahakama iliona ridhaa ya kweli haikuwepo. Miaka mingi ilikuwa imeshapita. Mimi hujiuliza: siku ile, nani alikuwa amesimama karibu na kitanda chake?

Najua mtasema, muuguzi ni nani hata amsimamishe bingwa? Na damu ikiwa inamwagika je? Dharura ina taratibu zake, tusijifiche humo. Upasuaji uliopangwa Alhamisi unaweza kusubiri nusu saa. Wengine watasema mume ameshatia sahihi, mzee amekubali. Sawa, lakini mzee hapasuliwi.

Muuguzi anachoweza kufanya ni kitu kidogo: amwombe bibi aeleze mwenyewe, kwa lugha yake, atafanyiwa nini na kitabaki nini. Akinyamaza, au akisema "dokta anajua," fomu irudi kwa daktari, na daktari arudi kitandani.