Je, Unaweza Kulala Mwenzako Akiwa Zamu?



Sisi wa Kitale na Bungoma ni watu wa mahindi, si watu wa bahari. Maji tunayoyajua ni ya mto Nzoia na yale yanayoporomoka pale Nabuyole, karibu na Webuye. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuoa ndipo nikaiona bahari kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, leo nawaomba tuingie chomboni pamoja, kwa sababu kuna jambo la ndoa ambalo mimi nilifundishwa na watu wa mashua, tena nilichelewa kulielewa.

Huenda baadhi yenu mnakumbuka habari ya Paul na Rachel Chandler, mume na mke kutoka Uingereza. Walikuwa wamestaafu, nao wakachagua kuishi ndani ya mashua yao ya tanga iliyoitwa Lynn Rival, wakisafiri kutoka pwani moja hadi nyingine. Mashua hiyo ilikuwa na urefu wa futi 38. Ukitaka kuipima kwa macho, fikiria basi linalotoka Kitale kwenda Nairobi, wala si refu kuliko hilo. Humo ndimo mlimokuwa na jiko lao, kitanda chao na meza yao. Mkigombana humo, hakuna shamba la kukimbilia wala jirani wa kumwendea. Ni ninyi wawili, na maji pande zote.

Tarehe 22 Oktoba 2009 waliondoka Shelisheli kuja Tanzania. Kabla ya mapambazuko ya siku ya pili, maharamia wa Kisomali wenye bunduki wakaipanda mashua na kuwateka. Walikaa mateka siku 388. Waliachiliwa tarehe 14 Novemba 2010, wakaletwa Nairobi kwa ndege.

Nakumbuka nilisikia habari hiyo redioni. Nilikuwa kijana mwenye mke na watoto wadogo, nami nikacheka. Nikamwambia mke wangu, "Wazungu wazee na mashua! Walikuwa wanatafuta nini huko?" Mke wangu hakucheka. Alisema tu, "Lakini walikuwa pamoja." Sikumwuliza maana yake.

Wakati ule mimi nilikuwa nikiishi Kitale katika chumba cha kupanga, nikifanya kazi na kufundisha katekisimu, naye alikuwa nyumbani upande wa Bungoma akilima na kulea. Kila baada ya majuma mawili nilipanda matatu, nikapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, nikafika nyumbani Jumamosi jioni, na Jumapili baada ya Misa nikarudi. Tuliishi hivyo miaka mingi. Nilijiita mume mwema kwa sababu nilileta sukari na karo.

Kisha Machi 2020 serikali ikafunga makanisa kwa ajili ya korona. Kazi ikasimama, nami nikarudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, mimi na mke wangu tulikaa katika nyumba moja siku zote saba za juma. Siku ya kumi tulikuwa hatusemezani.

Tuligombania nini? Mambo madogo kabisa. Niliuliza kwa nini ndama analishwa saa ile. Niliuliza ni nani aliyehamisha jembe. Mke wangu alihesabu magunia ya mahindi ghalani, nami nikaenda kuyahesabu tena. Usiku yeye ndiye aliyefunga mlango, nami nikaamka kuuangalia. Mwishowe akaniambia maneno ambayo sitayasahau: "Baba watoto, miaka yote hii nimefunga mlango huu peke yangu na hakuna mwizi aliyeingia. Leo umekuja, na kila nikifunga unaamka kuona kama nimefunga. Je, mimi ni mke wako au ni mlinzi uliyemwajiri jana?"

Nilikasirika, nikatoka nje. Lakini hapo ndipo nilipoikumbuka ile mashua.

Wapendwa, angalieni jinsi mashua ya watu wawili inavyosafiri. Bahari haina mahali pa kuegesha usiku. Safari ikiwa ya siku nyingi, mashua inakwenda mchana na usiku. Kwa hiyo mabaharia wawili hugawana zamu. Mmoja anakaa juu akiangalia upepo, tanga na taa za meli nyingine, na mwenzake anashuka kulala. Baada ya saa kadhaa wanabadilishana. Yule anayelala anaweka maisha yake yote mikononi mwa aliye macho. Akikataa kulala, akapanda kila dakika kuuangalia usukani, hajaongeza usalama wowote. Atachoka yeye, atamchosha mwenzake, na zamu yake ikifika hatakuwa na nguvu ya kuishika.

Usiku ule wa kutekwa, Paul Chandler alikuwa amelala. Mwenyewe alieleza kwamba haikuwa zamu yake. Mkewe ndiye aliyekuwa macho. Sasa nakuuliza wewe mume unayesoma ukurasa huu: kama maharamia wangeingia katika zamu ya mke wako, ungesema nini? Nawe mama, kama shida ingeingia katika zamu ya mume wako, ungemkumbusha kwa miaka mingapi?

Tunajua tunavyosema. Mtoto akianguka mtihani, baba anamwambia mama, "Mtoto wako." Akifaulu anakuwa mtoto wa baba. Biashara ya mume ikifa, mke anasema, "Nilikwambia." Lakini janga likiingia chomboni haliulizi zamu ilikuwa ya nani. Linawakuta nyote wawili.

Bwana wetu Yesu Kristo naye alilala chomboni. Mwinjili Marko anatusimulia kwamba dhoruba ilipovuma katika ziwa la Galilaya, Yesu alikuwa amelala upande wa nyuma, kichwa chake kwenye mto. Kwa kawaida tunahubiri juu ya hofu ya wanafunzi na uwezo wa Bwana wa kunyamazisha upepo, na ni sawa. Lakini tazama pia jambo hili: Mwana wa Mungu alikubali kulala katika chombo kilichoshikwa na wavuvi. Hakukaa macho kuwasimamia. Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba upendo unaoamini hauna haja ya kumdhibiti mwenzake wala kumfuata kila hatua. Kwa lugha ya nyumbani kwetu: funga simu yako, acha ya mwenzako, ulale.

Huenda mtu atasema, "Katekista, wewe hujui mke wangu" au "hujui mume wangu. Nikilala ataniuzia ng'ombe." Ndugu yangu, nasikia. Kuamini si kuwa mjinga. Mabaharia hawaachiani zamu bila maneno. Anayeondoka humwambia anayeingia: upepo uko hivi, meli fulani iko upande ule, tanga nimelipunguza. Hakuna siri. Kinachoharibu nyumba zetu ni kwamba tunaachiana zamu bila kuambiana hali ya bahari. Mume anauza magunia kumi mjini Kitale, mke anajua kwa jirani. Mke anakopa katika chama, mume anajua siku wanachama wanapokuja kuchukua viti. Hapo usingizi utatoka wapi?

Nami nikiri hapa. Tulipozungumza baadaye, mke wangu alinieleza kwamba alikuwa na akiba katika chama ambayo sikuijua. Niliona uchungu. Nikamwuliza sababu. Akajibu kwa upole, "Kila nilichokuonyesha ulikihesabu upya. Nikaamua niwe na kimoja ambacho hakihesabiwi." Sikuwa na la kujibu. Siri ile ilikuwa kosa lake, lakini mlango wa siri ile niliufungua mimi.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Mtakatifu Paulo alisafiri kwenda Roma akiwa mfungwa. Chombo chao kilikuwa na watu 276, kikapigwa na dhoruba majuma mawili. Usiku mmoja mabaharia wakaanza kuishusha mashua ndogo majini, wakisingizia kwamba wanakwenda kutia nanga, kumbe wanataka kutoroka. Paulo akawaonya askari kwamba hao wakiondoka, hakuna atakayeokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ndogo ikachukuliwa na maji. Chombo kilivunjika karibu na Malta, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu wakiwa hai.

Wapendwa, wengi wetu tuna mashua ndogo tuliyoifunga nyuma ya ndoa. Kwa mmoja ni kile chumba cha kupanga mjini ambacho mkewe hajawahi kukiona. Kwa mwingine ni mwanamke mwingine, au mwanamume anayetuma ujumbe usiku. Kwa mwingine ni ile tisho ya kila ugomvi, "Nitarudi kwetu." Mtu mwenye mashua ndogo hachoti maji yanayoingia katika chombo kikubwa. Anangoja tu usiku uwe na giza. Kateni kamba. Sisemi kwamba mama anayepigwa na kuumizwa akae ndani anyamaze, la. Huyo akimbilie usalama, aende kwa ndugu, kwa paroko na kwa serikali, na Kanisa litasimama naye. Nasema na sisi ambao hatupigwi na mtu, ila tumechoka tu.

Turudi kwa wale Waingereza. Maharamia waliwatesa kwa njia nyingi, lakini kuna jambo moja waliloliona kuwa zito kuliko mengine: kutenganishwa. Waliondolewa kila mmoja mahali pake kwa nguvu, wakapigwa walipokataa kuachana, wakakaa majuma mengi bila kuonana. Waliporudishwa pamoja walikuwa bado mateka, bado jangwani, bado chini ya bunduki, na bado ilikuwa faraja. Ndipo nilipoelewa neno la mke wangu la mwaka 2010, "Lakini walikuwa pamoja." Watu wale walipigwa ili waachane. Mimi nilikuwa nimeachana na mke wangu kwa hiari, kwa nauli ya matatu, na nikaliita jambo hilo kutafuta riziki.

Simaanishi kwamba anayefanya kazi mbali ametenda dhambi. Karo ni lazima ilipwe. Lakini umbali ni mzigo, na mzigo unapimwa. Kaeni chini mwulizane: ni lazima bado? Ni kwa muda gani? Simu inapigwa kusema habari za nyumbani, au kuagiza tu?

Tena jueni kwamba hawakujiokoa wenyewe. Watu wengi walihangaika kwa ajili yao, mmoja wao akiwa Msomali aliyekuwa dereva wa teksi huko London. Nanyi mkikwama, msione haya kuwaita wasimamizi wenu wa ndoa au wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Msaada unaweza kutoka kwa mtu usiyemtegemea.

Kuhusu mashua yao, iliokolewa baharini, wakaitengeneza, na mwaka 2012 wakatweka tena tanga kutoka Dartmouth, Uingereza. Walirudi katika chombo kile kile.

Na sisi nyumbani? Tuligawana zamu. Ufunguo wa ghala ni wa mke wangu, nami sihesabu. Mlango wa usiku ni wake. Karo na dawa za ng'ombe ni zamu yangu, naye haniulizi mara mbili. Jumapili jioni tunaambiana hali ya bahari: kilichoingia, kilichotoka, deni na akiba.

Msidhani imekuwa rahisi. Mwaka mmoja mvua ya Novemba ilikuta mahindi hayajakauka vizuri, yakaingizwa ghalani hivyo hivyo, na magunia sita yakaota ukungu. Yalikuwa ya kutupwa, maana mahindi ya namna hiyo ni sumu kwa mtu na kwa mnyama. Ilikuwa zamu ya mke wangu. Ningependa kuwaambia kwamba nilinyamaza. Sikunyamaza. Nilisema maneno makali mbele ya watoto. Usiku sikulala, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mlango. Asubuhi nilimwomba msamaha mbele ya watoto wale wale, kisha tukayatoa magunia pamoja, mmoja akishika huku na mwingine kule. Ufunguo sikuuomba. Bado anao.

Waswahili husema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli kama wote wanashika usukani kwa wakati mmoja. Wakishika kwa zamu, chombo kinafika.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, ulizaneni maswali haya matatu, na kila mmoja amsikilize mwenzake hadi mwisho:

1. Ni jambo gani nililokukabidhi kwa mdomo lakini bado nalihesabu upya?
2. Je, nina mashua ndogo niliyoifunga nyuma ya ndoa yetu?
3. Ni hasara gani ya zamu yako ambayo bado nakukumbusha?

Kisha salini Baba Yetu mkishikana mikono, na yule ambaye si zamu yake alale. Mungu aliyewaunganisha halali kamwe, naye analinda nyumba yenu.

Amani ya Kristo iwe kwenu.