Kapiteni, nyumbani na ugenini

Samaki wa Kasenyi na Tchomia hupandishwa kutoka Ziwa Albert hadi masoko ya Bunia, na mkubwa wao ni kapiteni, ambaye Watanzania humwita sangara. Katika ziwa letu yeye ni mwenyeji: anawala samaki wengine, nao tangu zamani wamezoea kuishi naye. Miaka ya 1950 na 1960 alipelekwa Ziwa Viktoria. Huko alizaliana sana, viwanda vikapata faida, lakini aina nyingi za samaki wadogo wa asili zikatoweka.

Kule Marekani, kinyume chake, watunza maziwa madogo hupandikiza samaki mla wenzake anayeitwa tiger muskie, chotara asiyezaa. Wakiona wamekosea, wanaacha kumpandikiza, na mwishowe anaisha.

Maamuzi yetu mengi ni kama kapiteni: yakishaachiliwa, yanazaa. Neno la hasira nyumbani, uvumi sokoni, nyavu za matundu madogo ziwani. Basi leo, kabla ya kutenda, tujiulize: nikijuta, nitaweza kulirudisha jambo hili nyuma? Jibu likiwa hapana, tungoje kwanza, tuulize wakubwa.