Dawa Isiyolipiwa

Katika vijiji vya Ireland wapo watu wanaosemwa kuwa "wana dawa": huyu ya chunjua, yule ya kuungua moto, mwingine ya kifaduro. Wengi huirithi kwa wazee wao; na mwana wa saba wa mtu ambaye naye ni mwana wa saba, huaminiwa kuwa amezaliwa nayo. Desturi yao ni kwamba mwenye dawa hadai fedha. Pengine hata kushukuriwa hataki, maana wasema shukrani huipunguzia dawa nguvu.

Sisi tulioshika chaki miaka mingi tunapendezwa na jinsi habari hizi zilivyohifadhiwa. Kati ya mwaka 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi walitumwa kwa wazee wao kuuliza mambo ya kale, wakayaandika katika madaftari, na dawa zimo: utando wa buibui juu ya jeraha, mwani uliochemshwa kwa kikohozi. Tungalifurahi kusahihisha madaftari ya namna hiyo!

Sasa, je, mtu asiyechukua hata senti aweza kulaumiwa kwa dawa yake? Wengi watasema hapana, kwani hakumla mtu kitu. Sisi hatukubali. Mzazi mwenye mtoto wa kifaduro alifundishwa kumsimamisha mtu aliyepanda farasi mweupe au wa mabaka, amwulize dawa, na lolote atakalolitaja apewe mtoto. Zamani, kabla ya chanjo, mama yule angefanya nini? Hatumcheki. Lakini leo chanjo ipo, na anayemchelewesha mama kwa matumaini ya bure amemtoza kuliko daktari yeyote. Ukarimu haumwondolei mtu wajibu wa kuuliza kama asemalo ni kweli.

Wala kuuliza si kudharau. Huko Boho, Ireland ya Kaskazini, watu huchota udongo kidogo makaburini, alipozikwa Padre James McGirr aliyefariki mwaka 1815, huuweka chini ya mto wa kulalia, kisha huurudisha. Mtafiti mmoja aliyewahi kuishi huko hakuucheka udongo huo, wala hakuuamini tu. Yeye na wenzake waliupima. Mwaka 2018 walitangaza kuwa wameona ndani yake bakteria waliozuia, katika maabara, vijidudu kadhaa visivyosikia dawa za kawaida. Haujawa dawa ya hospitali, na anayeuchukua bado hutakiwa kuurudisha.