Karatasi Iliyolala Sandukuni

Baada ya arobaini ya baba tulifungua sanduku lake la chuma. Ndani mlikuwa na kanzu mbili, vyeti vyetu vya kuzaliwa, kitabu cha akiba cha posta, na karatasi nene yenye mhuri ambayo kaka yangu aliidhania stakabadhi ya mifuko ya saruji, maana juu yake palikuwa na jina la kiwanda cha saruji. Nusura aichome pamoja na takataka nyingine. Ilikuwa hati ya hisa. Baba alikuwa mmoja wa wamiliki wa kiwanda kile kwa miaka mingi, na gawio lake lilikuwa likisubiri mtu wa kulidai. Kuanzia mahakama ya mwanzo hadi jina kubadilishwa, tulizunguka miezi minane.

Baba alikuwa mlezi hodari. Alitufundisha kuamkia, kupiga hodi, kuhesabu chenji mbele ya mwenye duka, kutokula kwa jirani bila ruhusa. Kuhusu karatasi ile hakutamka neno. Sidhani kama alificha. Nadhani aliona, kama wazee wengi wa rika lake, kwamba fedha si mazungumzo ya watoto, na sisi tulibaki watoto wake hata tulipoota mvi.

Tangu hapo nina msimamo ambao baadhi ya jamaa zangu wanauona wa ajabu: kumfundisha mtoto maana ya hisa ni sehemu ya malezi. Sisemi hivyo kwa tamaa ya kumtajirisha. Nataka ajue tofauti ya kumiliki na kubahatisha, kwa sababu asipoijua kwangu atafundishwa na wengine, na ada yao ni kubwa.

Mwanangu wa kidato cha tatu alinijia siku moja na simu ya mama yake. Kwenye kioo palijaa vijiti vyekundu na vya kijani. "Baba, huu mshumaa unaonyesha bei inapanda. Nipe elfu hamsini, Ijumaa nakurudishia laki." Nikamuuliza ni bei ya nini. Akaitazama simu tena. Hakujua.

Sikumkaripia, kwa kuwa vijiti vyenyewe alikuwa amejifunza kuvisoma, tena vizuri. Kila mshumaa hubeba bei nne za muda fulani: ya kufungulia, ya kufungia, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Mwili wake ni umbali kati ya kufungulia na kufungia; tambi zinazochomoza juu na chini zinaonyesha bei ilifika wapi kabla ya kurudi. Kwa kawaida kijani ni siku iliyofunga juu ya ilipoanzia, nyekundu ni kinyume chake. Uchoraji huu hunasibishwa na wafanyabiashara wa mchele wa Japani, wa zama za soko la Dojima mjini Osaka, ambalo watawala walilitambua rasmi mwaka 1730. Lakini wale walikuwa watu wa mchele. Habari za mavuno na maghala walikuwa nazo kabla ya kushika kalamu. Mwanangu alikuwa na mishumaa bila mchele.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wanaofundishana kwenye makundi ya simu. Chati ni kumbukumbu ya waliyoyafanya wanunuzi na wauzaji. Haisemi kiwanda kimeuza nini wala kinadaiwa na nani. Na kwetu hata kumbukumbu hiyo ni nyembamba. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, ya gesi za viwandani. Hadi leo zipo hisa zinazopita siku kadhaa bila mtu kuuza wala kununua. Mshumaa wa siku kama hiyo ni mstari uliolala, na mganga wa chati hana cha kuagua.

Kwa hiyo tulianza upya, na tulianzia jikoni. Nilimwambia aandike kila kitu cha nyumbani kinachotoka kwenye kampuni iliyoorodheshwa sokoni. Alirudi na saruji ya ukuta, laini ya simu, benki inayopitishia mshahara wa mama yake. Nikamwambia: mwenye hisa anamiliki kipande cha hivyo, hata kama ni kidogo kama punje. Kiwanda kikipata, naye anapata. Kikifa, anakuwa wa mwisho kwenye foleni ya kulipwa, nyuma ya wote wanaodai. Sentensi hiyo ya mwisho nilimrudisha aiandike mara mbili.

Kisha hesabu, ambayo haizidi ya darasa la saba. Chukulia kampuni ina hisa milioni 100 na kwa mwaka imepata faida ya shilingi bilioni 5 baada ya kodi. Kila hisa imepata shilingi 50. Kama sokoni inauzwa shilingi 400, unanunua faida ya miaka minane. Je, miaka minane ni mingi au michache? Inategemea kama faida hiyo inakua, imesimama au inanyauka, na jibu halimo katika bei. Limo katika taarifa za fedha za miaka mitano iliyopita, ambazo kampuni hizi hulazimika kuzitangaza. Kati ya zile 50, tuseme kampuni inagawa 20 kwa wenye hisa na kubakiza 30 za kuendeshea kazi. Serikali inazuia asilimia 5, mkononi unapata 19. Mwanangu aliguna: "Kumi na tisa tu?" Nilifurahi kulisikia lile guno. Ndiyo mara ya kwanza alipoona kwamba fedha ya halali hutembea kwa miguu.

Sitaki kumdanganya kuwa subira inalipa kila mara. Wazazi wengi tunaogopa kuwaambia watoto hili. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni, wengine wakakopa benki. Hisa zikaanza kuuzwa sokoni Juni 9, na kabla mwaka haujatimia bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa aliuza kwa hasara, kwa sababu marejesho ya mkopo hayangojei. Aliyenunua kwa fedha yake ya ziada akakaa, mwaka 2021 aliiona ikipita 40. Kisha akaiona ikiporomoka tena. Huku kwetu benki ya CRDB iliuza hisa kwa shilingi 150 mwaka 2009, na miaka kumi baadaye bei ilikuwa chini ya hapo, kabla ya kupanda mara kadhaa ya bei ile ya kwanza. Nani awezaye kungoja miaka kumi kwa fedha ya ada au ya kodi ya nyumba? Somo ninalompa kijana ni kwamba kabla ya kupima kampuni, mtu ajipime mwenyewe: fedha hii nitaihitaji lini?

Kuna mtoto mmoja aliyejifunza hayo kwa uchungu. Benjamin Graham, ambaye mwaka 1934 alitoa pamoja na David Dodd kitabu kilichoweka misingi ya kuchambua hisa, alifiwa na baba akiwa bado mtoto mdogo, huko New York. Mama yake mjane, akitafuta njia ya kulea, alicheza hisa kwa fedha za kukopa, na mtikisiko wa masoko wa 1907 ukamfagilia kila kitu. Mwanaye alikuja kutumia maisha yake kutetea jambo moja: usinunue kitu ambacho hujakipima, na ukikinunua acha nafasi ya kukosea. Simlaumu yule mama. Nawaza tu ni wajane wangapi wa mitaa yetu wanaofanya kama yeye leo.

Maana tulishaonywa. Mwaka 2009 mpango ulioitwa DECI uliwakusanyia Watanzania wengi fedha kwa ahadi ya "kupanda" na "kuvuna", hadi serikali ilipouzima na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Hapakuwa na kiwanda wala duka. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha ya aliyefuata. Mtoto aliyefundishwa kuuliza "hii faida inatoka kwenye kazi gani?" angeweza kumwokoa baba yake kwa swali hilo moja. Lakini nyumba nyingi siku zile, aliyeuliza aliambiwa ana gundu.

Swali hilohilo mama yangu aliliuliza kwa namna yake. Alipotusikia tukizungumza hisa sebuleni, aliweka tasbihi chini. "Hiyo pesa inatoka kwenye nini? Kuna viwanda vya bia humo." Ni kweli, bia na sigara zimo sokoni, na benki za riba zimo. Mwanangu alitaka kumjibu haraka nikamzuia. Bibi alikuwa amefanya uchambuzi ambao chati haiwezi. Tukaketi na orodha nzima, tukaondoa yale ambayo nyumba yetu haiwezi kuyala, na benki ya mshahara wa mama yake ikawa miongoni mwake. Orodha ilipungua sana. Kijana alilalamika kwamba tumeacha zenye gawio nono. Nikamwambia mwenye hisa ni mwenye mali, na mwenye mali huulizwa.

Mchezo wa kununua na kuuza kila siku sikumkataza milele. Atakapokuwa na mshahara wake na afanye, kwa fedha ambayo ikipotea hatomwomba mtu nauli. Kwa sasa anaandika kwenye daftari: anachagua kampuni, anaandika sababu na bei ya siku hiyo, na baada ya miezi mitatu anarudi kujisahihisha. Amekosea mara nyingi kuliko alivyopatia, na kila kosa limegharimu ukurasa mmoja.

Hisa za saruji tuligawana kwa mirathi. Fungu langu limo kwenye akaunti yangu, na mama watoto, mwanangu na dada yake wanajua jina la dalali, namba ya akaunti na mwezi ambao gawio huingia. Nawe msomaji mwenzangu, kama una karatasi kama ile ya baba, usiku huu waite watoto uwaonyeshe ilipo.