Kabla ya Kusema Imekufa

Mwaka jana mjukuu wangu alitoa stoo kompyuta yangu kuukuu, BBC Micro, aina iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1981 na kuenea katika shule za huko. Tuliiunganisha na televisheni ya zamani. Kioo kikabaki cheusi.

"Babu, imekufa."

Nikamwambia asikilize. Mashine hiyo ikiwa nzima, ikiwashwa hutoa sauti mbili: moja nzito, kisha nyingine nyembamba, fupi. Ikiwa mbovu, mara nyingi ile ya kwanza huendelea bila kukoma. Tulizisikia zote mbili. Basi akili yake ilikuwa hai. Kasoro ilikuwa njiani. Tulibadilisha waya, tukatafuta chaneli ya 36, maandishi yakatokea.

Furaha yangu haikudumu. Nilimkumbuka mwanachuo niliyemwondoa katika ualimu kwa kuwa alishindwa kusema mbele ya darasa. Maandalio yake ya masomo yalikuwa mezani pangu, sikuyafungua.

Je, ni haki kumwona mtu hana kitu kwa kuwa hatujakiona? Naamini mwalimu hukagua njia kwanza, ndipo ailaumu akili. Mashine nimeivumilia saa nzima. Kijana yule nilimpa dakika kumi.