Haki ya Kutangulizwa

Tarehe 1 Januari 1937, katika barabara za pwani ya East London, Afrika Kusini, zilizofungwa kwa ajili ya mbio za magari, wenye magari madogo walitangulizwa, wenye makubwa wakazuiwa. Bernd Rosemeyer, na Auto Union yake ya silinda 16, akawa wa tano. Pat Fairfield, kwa ERA iliyo ndogo zaidi, akashinda. Je, ni haki mwenye nguvu acheleweshwe? Naam, maadamu apimwaye ni dereva, si mfuko wa kiwanda chake. Lakini huruma hiyo, ajabu, iliishia kwenye injini. Mwaka 1936 Bunge la nchi hiyo hiyo lilikwisha kuwaondoa Waafrika wa Jimbo la Cape, ulimokuwa mji huo, katika daftari la pamoja la wapiga kura. Na sheria nyingine ya mwaka huo ikawawekea Waafrika kikomo cha ardhi, kiasi cha asilimia 13 ya nchi.